Wadogo zangu wa kaunta ya tiketi za ndege, saa moja hiyo ni ya angani

Jumatatu nimemsikia kijana wetu mpya akimwambia mama wa watu, “Dodoma–Dar ni lisaa limoja tu, mama, kikao cha saa nne na nusu mjini utakiwahi.” Ndege inaruka saa tatu! Chai ilinipalia. Hebu sogeeni.

1. Kilomita za angani hazipiti Morogoro. Dodoma–Dar kwa mstari ulionyooka ni karibu 390, kwa barabara kama 450, kwa hiyo ukichanganya hakuna anayekushtukia. Utaumbuka siku ya Mwanza: angani kama 520, ila kwa basi kupitia Singida na Shinyanga zinakaribia 700.

2. Muda ulio kwenye tiketi hauhesabu kusubiri begi.

3. Konekisheni, yaani kuunganisha ndege mbili. Hapa niacheni nitubu. Mwaka wangu wa kwanza alikuja mzee mmoja kutoka Kongwa, anakwenda Johannesburg kwenye mahafali ya binti yake. Nikamkatia tiketi mbili tofauti ili kumwokolea hela, nikajiona fundi. Anatua Dar saa sita na dakika kumi mchana, ndege ya pili inaondoka saa nane kasoro robo. Saa nzima na nusu, nikasema, atakunywa hata soda. Sikukumbuka kwamba kaunta ya safari za nje inafungwa saa nzima kabla. Sikukumbuka kwamba tiketi mbili maana yake mzigo haupitilizi: anautoa mwenyewe jengo la pili la uwanja wa Dar, la safari za ndani, anaukokota hadi jengo la tatu, la safari za nje, anapanga foleni upya. Zilibaki dakika 35, na ndege ya Dodoma ikachelewa 25. Juu ya hayo mzee alikuwa na boksi la karanga limefungwa kamba ya katani, likatoka la mwisho, na hakuwa tayari kumwachia mtu karanga za mwanawe. Akanipigia, sauti ya upole kabisa: “Kijana wangu, wamefunga.” Afadhali angenitukana. Tiketi mpya nililipa mimi, nikakatwa mshahara miezi minne, na mahafali aliyaona kwenye simu. Bado ni mteja wangu. Kila akija huanza na swali lile lile: “Saa hizo ni za angani, au kuanzia mlangoni kwangu?”

4. Tiketi ikiandika 07:00, mwandikie mteja saa moja asubuhi, kwa maneno. Dubai wako mbele yetu saa moja, Johannesburg nyuma saa moja. Fanya hesabu kabla hujataja muda wa safari.

5. Uwanja wetu uko mjini, basi watu wanautania. Mteja atakupigia yuko Area C, anasikia ndege ikitua, anauliza kama ana muda wa kuoga. Mwambie aoge akifika Dar.