Injini mpya, mipira ya zamani: yaliyonikuta Kitonga

Juzi kaka mmoja wa Njombe kanitumia meseji, anasema katoka kufanya ovaholi ya Canter yake, ringi mpya, beringi mpya, hedi imechongwa, lakini gari linachemsha na breki imekuwa ngumu kama anakanyaga ukuta. Nikaisoma mara mbili. Yote mawili yalinikuta mimi, siku moja, gari moja, na mpaka leo yananiuma.

Yangu ni Canter ya injini ya 4D33. Injini ilishushwa Morogoro, ikakaa chini wiki tatu, na kwenye chuma fundi alifanya kazi nzuri, sitamsema. Shida ilikuja kwenye mipira ya kupitisha maji na hewa. Jioni ile mzigo wa nyanya unanisubiri Ilula, mwenye mzigo anapiga simu kila nusu saa, basi nikawa nambana fundi malizia malizia, yeye kashika upande huu mimi na utingo wangu tumeshika ule, mipira tunairudisha kwa kukumbuka tu. Tena mipira ileile ya zamani, klipu zilezile zenye kutu. Rejeta ikajazwa maji fasta, kifuniko, twende. Pale getini tu nikaona breki ngumu, nikamuuliza, akasema "itazoea mzee". Nikaamini.

Katikati ya mlima Kitonga, njia ya kwenda Ilula, mshale wa temprecha ukapanda juu kabisa, moshi mweupe nyuma, nguvu zikakata, nakanyaga breki kwa miguu miwili na gari linarudi nyuma taratibu. Utingo akaruka na jiwe. Ile sauti ya jiwe kubanwa na tairi bado naisikia. Gasketi ya hedi ikaenda, nyanya zikapata gari lingine, injini nikaifungua tena kwa hela ya kukopa na fundi simu hapokei.

Tulipokosea ni hapa. Busta ya breki, ile inayoongeza nguvu ya mguu wako kwenye pedali, inavutiwa hewa na pampu ndogo iliyokaa nyuma ya oltaneta, ile ya kuchaji betri, na kwenye mpira wake kuna valvu inayopitisha hewa upande mmoja tu. Sisi tuliifunga kinyume, pampu inavuta weee, busta haipati kitu. Sasa hivi siifungi bila kuipuliza kwa mdomo: ukipuliza toka upande wa busta hewa inapita, toka upande wa pampu inagoma. Ukishafunga, injini ikiwa imezimwa kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, ishikilie hapohapo, washa. Ikizama kidogo, busta inafanya kazi. Isipozama usitoke getini, hata aje nani akwambie itazoea.

Upande wa maji, mpira wa hita ulijikunja na hewa ikanasa ndani. Maji jaza taratibu, kifuniko wazi, hita weka upande wa joto, washa injini, uwe unaminya mpira wa juu kwa mkono. Utaona mapovu yanatoka, maji yanashuka, unaongeza, yanashuka tena, unaongeza. Thamostati, ile valvu inayofunguka maji yakipata moto, ikifungua joto linafika rejeta, na mapovu yakikata ndo unafunga kifuniko. Na thamostati msiitoe jamani, ukiirudisha kile kitundu chake cha hewa kikae juu.

Halafu ndugu zangu tuambiane ukweli, mtu analipa mamilioni kwenye injini halafu anabania hela ya mipira na klipu! Kabla hujachomoa mpira wowote piga picha, bandika plasta uandike namba, kila mpira namba yake, ileile pande zote mbili. Simu unayo mkononi, plasta ni bei ya chai. Kuchelewa mzigo kutakuuma siku moja, ila hilo deni nimelilipa mwaka mzima.

Mwezi uliopita nimepanda Kitonga ileile na tani tatu mgongoni, mshale haujafika hata nusu. Nilisimama juu pale nikashukuru.

Kaka wa Njombe, gari usilitoe. Chomoa hiyo valvu leo uipulize, halafu nitumie picha ya nyuma ya oltaneta na ya mipira ya hita, nitaiangalia usiku huuhuu.