Kipimo changu cha kelele kinasema ±1.5. Nikiamini?

SWALI: Shikamoo fundi. Nyuma ya nyumba yetu hapa Mtwapa kuna baa inayopiga muziki hadi alfajiri. Nimenunua kipimo cha kelele ili nikienda kulalamika niwe na ushahidi. Karatasi yake inasema: 30–130 dB, usahihi ±1.5 dB, hezi 31.5 hadi 8,000, A/C, F/S. Usiku kinaniandikia 52 tu, na madirisha yanatetemeka! Ni kibovu? (Msomaji, Mtwapa)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si lazima kiwe kibovu. Tazama kitufe cha A na C. Nadhani umekiacha kwenye A. Hapo kipimo hupunguza sauti nzito makusudi, kwa kuwa sikio letu nalo huzisikia hafifu. Sauti ya hezi 63 (yaani mitetemo 63 kwa sekunde), kwenye besi yenyewe, hukatwa desibeli 26. Ukiweka C, haikatwi hata desibeli 1. Simama dirishani, soma A, badili C papo hapo. C ikizidi A kwa 15 au 20, basi besi ndiyo inayotikisa madirisha. Andika namba zote mbili.

Hiyo ±1.5 isikutie moyo sana wala isikuvunje. Kwa kawaida huhesabiwa kwa sauti ya hezi 1,000 peke yake. Mimi kwenye karatasi hutafuta kwanza IEC 61672, kiwango cha kimataifa cha vipimo vya kelele, na daraja la usahihi. Kwa toleo la 2013, kwenye hezi 1,000 daraja la 1 linaruhusiwa kupotoka 0.7 na daraja la 2 desibeli 1. Lakini kwenye hezi 8,000 daraja la 2 linaruhusiwa hadi 5! Karatasi isiyotaja daraja ni ya kipimo cha kujipimia nyumbani.

Hata hivyo, kanuni za kelele za Kenya za 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 35 kwa makazi usiku, kuanzia saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Wewe una 52. Kosa la desibeli 1.5 haliwezi kuziba pengo la 17.

Kinachonitia wasiwasi ni kisichoandikwa: Leq, yaani wastani wa nishati ya sauti kwa muda fulani. Kiwango hicho cha 35 ni wastani wa namna hiyo kwa saa nyingi, na kipimo chako kinaonyesha kelele ya dakika hiyo tu. F hufuata sauti kwa sekunde 0.125, S kwa sekunde 1. Kwa muziki tumia S, namba haitarukaruka. Vika maikrofoni sponji yake, maana upepo wa bahari nao husomeka kama kelele. Andika namba kila nusu saa pamoja na saa yenyewe, kisha peleka daftari hilo NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, uwaombe waje usiku na kipimo chenye Leq, kilichohakikiwa kwa sauti ya desibeli 94 kabla na baada ya kupima. Wakija mchana, wakatalie kwa heshima.