Ukifiwa, omba urudishiwe kazi moja ya nyumbani

Ukifiwa na mume hapa Mwanza hutashika ufagio kwa muda mrefu. Turubai halijafungwa vizuri, wanawake wa mtaa wameshafika na visu vyao, masufuria makubwa yamekodiwa, mtu ametumwa mkaa, na jikoni kwako kunaendeshwa na watu ambao wengine hata majina yao huyajui. Wewe umekalishwa kwenye godoro, umefungwa khanga, mawifi kushoto na kulia. Ukitaka kuinuka unashikwa mkono: kaa mama, hilo leo si lako.

Siku za msiba jambo hili ni jema na naomba lisife katika mitaa yetu. Mjane hawezi kuwapikia waombolezaji. Mimi nilifuliwa, nilipikiwa, wanangu waliogeshwa na majirani, na hadi leo nikipita kwenye nyumba zile nasalimia kwa heshima ya pekee. Ninachoandika hapa kinahusu wiki zinazofuata, tanga likishaanuliwa, wageni wa Magu na Sengerema wamesharudi makwao, wamebaki ndugu wawili watatu wa kukaa nawe. Hao wanakupenda, na kwa mapenzi hayohayo wanaendelea kukupokonya kila kazi. Unaamka, uwanja umefagiwa. Unatafuta dumu, madumu yote yamejaa. Chai iko mezani. Unabaki kukaa palepale ulipokalishwa, na mawazo yanakujia yote kwa mpigo.

Ushauri wangu kwa mjane mwenzangu ni kwamba uombe urudishiwe kazi moja. Moja tu, lakini iwe yako kabisa, mtu mwingine asiiguse. Na uiombe kwa mkubwa wa nyumba, usigombane na wadogo jikoni. Nilipomwambia wifi yangu kwamba mboga ya jioni nitaishughulikia mwenyewe, alikataa, akasema watu watatuonaje. Nikasubiri mama mkwe awepo, nikalisema mbele yake kwa adabu, kwamba nikikaa bure mwili unazidi kuuma. Mama mkwe alikuwa mjane miaka mingi kabla yangu. Akasema, "Mwacheni mayu apike," yaani mama, kwa Kisukuma. Likaisha hapo, na hakuna aliyeniuliza tena.

Chagua kazi inayokwisha siku hiyohiyo na yenye mtu wa kuitumia. Kufagia uwanja sikukupendekezei. Sisi tulioko mlimani Igogo, nyumba zimebanwa katikati ya majabali, upepo wa ziwa unarudisha majani kabla hujaweka ufagio chini, na siku ya huzuni nyingi kazi ya namna hiyo inavunja moyo. Kuosha vyombo kunafaa, ila kunaisha upesi mno. Mimi nilichagua dagaa, na kama nyumbani kwenu mnakula dagaa basi anza nao.

Dagaa tunanunua Mwaloni, Kirumba, kwa kisado au kwa debe. Kuna walioanikwa kwenye chanja, hao ni safi na bei yake iko juu. Kuna walioanikwa mchangani, na hao wanakuja na mchanga wao. Siku za kawaida ningekwambia ongeza hela uchukue wa chanja. Kwa mjane nasema chukua wa mchangani, kwa sababu kazi iliyomo ndiyo unayoitafuta. Unamwaga kwenye ungo, unapeta vumbi litoke, unatoa takataka na visamaki vingine vilivyochanganyika humo. Kisha unakata vichwa na kutoa matumbo, mmojammoja, maana uchungu wa dagaa wetu uko tumboni. Kisha maji ya moto, unaosha unamwaga, unaosha unamwaga, mpaka chini ya beseni pasibaki hata chembe ya mchanga. Hapo ndipo unapofikiria kitunguu, nyanya na limau.

Kazi hiyo haihitaji akili, na akili ya mtu aliyefiwa haipo. Unga unaweza kuuunguza, hela unaweza kuhesabu vibaya, lakini kichwa cha dagaa utakikata tu. Jambo lililonishangaza zaidi ni watu. Ukikaa na ungo uani, atakayepita atavuta kigoda na kusaidia, na kwa kuwa wote mnatazama mikono yenu, maneno yanatoka ambayo ana kwa ana yasingetoka. Mwanangu wa kiume, aliyekuwa shule ya msingi, hakulia msibani na hakuuliza lolote. Siku moja katikati ya dagaa akauliza kama tutahamishwa kwenye nyumba hii. Alikuwa amelibeba swali hilo muda wote ule. Nilimjibu nilichokijua, kwamba hatuhami, na tukaendelea kukata vichwa. Tangu hapo alianza kulala usiku.

Kuna faida nyingine ambayo watu wa huku wataielewa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa taa haiwavuti, kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika na sokoni dagaa hupungua, bei inapanda. Giza likirudi, mitumbwi inaingia ziwani na Mwaloni kunajaa tena. Kipindi ambacho sikujua kama leo ni Jumanne au Alhamisi, nilijua giza limeanza kwa sababu kisado kimeshuka bei. Kumbukumbu ya siku ilinirudia kwa njia hiyo, kupitia sokoni, kabla haijarudi kupitia kalenda.

Kazi yako uipange jioni. Asubuhi hukusukuma yenyewe, kuna watoto wa shule, kuna maji ya kukinga kabla hayajakatika, na sisi wa mlimani tunajua presha inavyoshuka jua likipanda. Jioni ndiyo mbaya. Mume wangu alikuwa seremala, akifunga karakana yake Mabatini alikuwa akifika nyumbani kabla giza halijaingia, na masikio yangu yaliendelea kusubiri hodi yake muda uleule. Saa hiyo mikono iwe na kitu na jiko liwe limewaka.

Sufuria ya ugali nayo ibadilishwe mapema. Hili hakuna aliyenishauri na nimeona linawatesa wajane wengi. Mkono umezoea kumimina maji ya watu wa nyumba nzima pamoja na baba mwenye nyumba, kwa hiyo ugali unabaki kila usiku, na asubuhi unakutana na kiporo ambacho unajua ni cha nani. Nunua sufuria ndogo kidogo au azima. Kama moyo haukubali kuibadilisha, basi iache kubwa na uite mtoto wa jirani ale nanyi kila siku. Na kile chakula alichokipenda sana marehemu kiache kwanza. Sisi Jumapili ilikuwa sato wa kuchemsha. Tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na chai Jumapili nyingi kabla sato hajarudi mezani, na hakuna aliyedhurika.

Nguo zake ni habari nyingine. Kila ukoo una utaratibu wake wa lini nguo za marehemu zigawiwe na nani wapewe, na huo uufuate, lakini usiruhusu mtu akukimbize wala usizipange peke yako usiku. Mwite dada yako au mtoto mkubwa. Na kabla hujafua wala kugawa chochote, pekua mifuko yote, hata ya makoti ya zamani. Mafundi wetu ofisi yao iko mfukoni. Kwenye koti la kazi la mume wangu nilikuta daftari la oda: nani ametanguliza hela ya kitanda, nani anadaiwa kabati, mbao zimekopwa wapi. Lingeingia kwenye beseni, wateja waliokwisha kulipa wangekuja kunidai na nisingekuwa na cha kujibu.

Fulia nyumbani. Najua wako wanaopenda kwenda kufulia ziwani wakiwa na huzuni, kwa sababu kule mtu analia na mawimbi yanamfichia sauti. Nenda ukakae juu ya jabali ulie utakavyo, lakini usisimame majini. Kichocho kipo ukanda wetu huu, vimelea vyake hutoka kwa konokono wa ufukweni na huingia kwa kupenya ngozi, hata kama huna kidonda. Umeshabeba mzigo mmoja, usijiongezee wa pili.

Daftari lile ndilo lililonipeleka kwenye jambo ambalo kazi za nyumbani zinaweza kukusahaulisha, na hapa nasisitiza. Jikoni hakuna anayekugombeza. Ukitaka kukwepa karatasi unaweza kukwepa mwaka mzima, kila siku kuna sufuria la kusugua. Mirathi haisubiri. Hati ya kifo, inayotolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, kupitia ofisi ya wilaya, itafute mapema kwa sababu benki na mifuko ya pensheni wataidai. Ukoo ukae kikao, apendekezwe msimamizi wa mirathi, muhtasari uandikwe na usainiwe, kisha maombi yapelekwe mahakamani. Mjane anaweza kupendekezwa mwenyewe kuwa msimamizi, na msimamizi yeyote, hata akiwa kaka mkubwa wa marehemu, si mmiliki wa mali. Anaikusanya, analipa madeni, anaigawa kwa warithi. Mimi nilitenga asubuhi kwa karatasi na jioni kwa dagaa, na jioni ilinipa nguvu ya kurudi kwenye foleni kesho yake.

Wapo mnaosoma hapa ambao hamjafiwa, ndoa imevunjika. Mengi niliyosema yanawahusu pia, ila kwenu kuna moja zaidi. Utaambiwa kwamba mali si yako kwa sababu ulikuwa nyumbani tu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa, na zinahesabiwa wakati wa kugawana chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu, kwa sababu mahakama iliona ameshatumia fedha nyingine alizopewa na mumewe, lakini msingi ule umebaki na umewasaidia wanawake wengi baada yake. Ulipokuwa ukipika, ukifua na kulea, ulikuwa ukijenga. Lisemeni hilo bila aibu mbele ya baraza na mbele ya hakimu.

Na wanaume waliofiwa na wake tunawaonea. Mjane tunamnyang'anya kazi aliyoizoea, mgane tunampelekea hotipoti kila siku mpaka tunachoka, kisha siku moja hazifiki tena na hajui hata unga unakaa wapi. Jirani yetu mmoja alifundishwa na binti yake kusonga ugali na kuunga maharage. Alianza kwa kuona haya, akifunga mlango wa jiko. Sasa hivi anapika mlango ukiwa wazi na wajukuu wanamsifia maharage yake.

Kazi ikikushika wewe badala ya wewe kuishika, tafuta mtu. Ukijikuta unapiga deki saa nane usiku, siku nyingi mfululizo, unapika lakini huli, huwezi kukaa hata kidogo, au unawaza kwamba heri nawe usingekuwepo, hapo dagaa hawatoshi na dawa yake haiko jikoni. Mwambie mtu wa nyumbani siku hiyohiyo na uende hospitali. Bugando kuna huduma ya afya ya akili, na kwenda huko hakuna aibu yoyote. Kulikuwa na mama mmoja kanisani kwetu ambaye sote tulimsifia kwa usafi wa nyumba yake baada ya msiba. Dada yake ndiye aliyeona kwamba halali, akampeleka, na alipona.

Sasa kwenu mnaokwenda kuhani. Endeleeni kwenda, hata miezi ikishapita, maana wakati huo ndipo nyumba inapokuwa tupu. Lakini mkifika msikimbilie kumwoshea kila chombo. Muulize mwenyewe anataka kushika kipi. Ukimpelekea mboga, mpelekee mbichi, mchicha haujachambuliwa, kunde hazijamenywa. Kwa Mwislamu aliye kwenye eda, miezi minne na siku kumi, hatoki ovyo, kwa hiyo soko lote alilolizoea limemfungia. Huyo mpitie Mwaloni wewe, mnunulie kisado cha dagaa wa mchangani, chukua na ungo wako wa ziada kwa sababu wake mmoja hautawatosha, na usiende ukiwa na haraka ya kuondoka.