Kabla ya Kununua Betri Nyingine ya Trekta la Zamani

Msimu wa kulima unapokaribia, wenye matrekta ya zamani huku tambarare ya Moshi huanza safari za mjini kununua betri. Ushauri wangu, baada ya miaka mingi ya kutunza Massey Ferguson 135 ya familia yetu, ni kwamba kabla hujatoa pesa ya betri utafute kwanza mita ya volti, kwa sababu mara nyingi betri haina kosa lolote ila haichajiwi.

Ubovu huu hujificha kwa kuwa injini ya dizeli ya aina hii, ambayo pampu yake ya mafuta haitegemei umeme, ikishawaka huendelea kuunguruma hata dinamo, kifaa kinachozungushwa na injini ili kuchaji betri, ikiwa imekufa. Trekta litalima hadi jioni bila malalamiko, kisha asubuhi stata inagonga mara moja na kunyamaza, na lawama yote inaangukia betri.

Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika usiku kucha, husoma takriban volti 12.6, ikisoma 12.0, chaji iliyobaki ni kidogo. Washa injini, ongeza mwendo wake kiasi, kwani dinamo haizalishi cha maana injini ikiwa polepole, kisha pima tena kwenye vichwa vya betri. Kipimo kikipanda taratibu hadi kati ya 14 na 14.5, mfumo ni mzima. Kikizidi kushuka, hakuna kinachoingia. Kikipita 15, rigyuleta, yaani kifaa kinachodhibiti chaji ya dinamo, imeshindwa kuzuia, na hali hiyo ndiyo inayoua betri mpya upesi: maji yanakauka mara kwa mara na balbu zinaungua, ingawa nimewahi kumsikia mwenye trekta la namna hiyo akijisifu kwamba taa zake ni kali kuliko za wenzake.

Chaji isipoingia, kagua kwanza mkanda wa feni, halafu tenganisha dinamo na rigyuleta ili ujue mkosaji ni nani. Kwenye dinamo za Lucas kuna vichwa viwili, D na F. Ondoa nyaya zake, viunganishe vichwa hivyo kwa kipande kifupi cha waya, weka mita kati ya vichwa hivyo na bodi ya dinamo, kisha ongeza mwendo wa injini polepole. Dinamo nzima itapanda bila kusita hadi karibu volti 20, na hapo usiendelee kukanyaga mafuta. Isipoonyesha chochote, anza na kaboni, vipande vinavyogusa sehemu inayozunguka ndani ya dinamo na kupitisha umeme. Ikibaki kwenye volti moja au chini yake, shuku koili za ndani.

Dinamo ikiwa nzima, fungua kisanduku cha rigyuleta. Cha kwetu kilikuwa na tope la nyigu lililokauka kati ya koili mbili, na ncha za platini zilikuwa nyeusi kabisa. Nilizisafisha kwa msasa laini huku betri ikiwa imefunguliwa, nikakwangua kutu chini ya skrubu inayoshika waya wa bodi, na chaji ikarudi. Skrubu za kurekebishia volti usiziguse kwa kubahatisha.

Hesabu ya taa nayo inasahaulika. Dinamo nyingi ndogo za matrekta haya hutoa takriban ampea 11 tu. Taa mbili za mbele na moja ya nyuma, kila moja wati 45, hula zaidi ya ampea 11 kwa mfumo wa volti 12, kwa hiyo anayelima usiku analima kwa akiba ya betri hata kama kila kitu ni kizima.

Ndiyo maana wengi huondoa dinamo na kuweka alteneta, kifaa cha kisasa zaidi cha kuchaji chenye nguvu kubwa, na siwapingi. Ila matrekta mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960 yalifungwa chanya kwenye bodi, yaani upande chanya wa betri ndio ulioungwa na chuma cha trekta, na alteneta ya kawaida inataka hasi. Ukiifunga bila kugeuza betri, daiodi zake, vipande vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, zinaungua papo hapo. Waya mnene unaoenda kwenye betri nao ubadilishwe, kwa sababu ule wa zamani haukukusudiwa kubeba ampea nyingi hivyo. Balbu ya chaji, ile taa ndogo ya onyo ya kwenye dashibodi, ikiungua pia usiiache, maana kwenye alteneta nyingi umeme unaopita humo ndio unaoiamsha ianze kuchaji, na fundi anayepanga kuchomelea chochote kwenye trekta afungue nyaya za betri na za alteneta kwanza.