Pete ya amethisto imepauka, na sonara anataka kuipanua
Dada uliyeuliza kama pete yako ni feki, kupauka peke yake si ushahidi kwamba umeuziwa feki. Umesema pete ilikaa miezi dirishani. Basi jua linatosha kufanya hivyo. Amethisto ni kito cha kwatzi (aina ya madini) yenye chembechembe za chuma, na zambarau yake hufifia ikipigwa na mwanga mkali muda mrefu. Usitegemee irudi yenyewe.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni huyo sonara. Mwambie alitoe jiwe kabla ya kuwasha moto wa kuchomelea, maana joto kali hulipasua au kuligeuza manjano.

Kuosha ni maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini, mvuke hapana. Ugumu wake ni 7 kwa kipimo cha Mohs (cha ugumu wa madini, 1 hadi 10), hivyo usiiweke kijaluba kimoja na yakuti au almasi, zitaikwaruza.