Si kila taka ya hospitali inafaa kuchomwa
Je, tanuri la kuchomea taka za hospitali linamaliza kila kitu? Hapana, halimalizi hata likiwa na moto mkali kiasi gani. Ninayoiogopa zaidi ni zebaki, ile ya kwenye vipimajoto na vipimo vya presha vya zamani. Huchemka kwenye nyuzi joto 357 za Selsiasi, wakati tanuri linatakiwa kufika 850 na kuendelea. Kwa hiyo haiteketei: inageuka mvuke, inatoka na moshi na kuishia kwenye mapafu ya watu. Zebaki ni elementi, hakuna moto wa kuivunja. Kadimiamu, metali yenye sumu iliyo kwenye baadhi ya betri, ni vivyo hivyo.

Makopo ya kupuliza, mitungi ya gesi na vichupa vya dawa vilivyozibwa hulipuka, na anayeumia ni yule anayepakia tanuri. Plastiki ya PVC, kama mifuko mingi ya damu, hutoa gesi ya asidi na dioksini, yaani kemikali zenye sumu kali. Filamu za eksirei zitengwe pia kwa sababu ya chumvi za madini ya fedha. Taka za mionzi ndiyo kabisa, maana moto haupunguzi mionzi, unaitawanya tu.

Haya yamo kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu taka za huduma za afya. Angalizo: matanuri makubwa yenye mitambo ya kusafisha moshi huweza kupokea PVC kidogo, lakini zebaki itolewe kabla ya kuchoma, hata huko.