Saa 48 za Mkuu wa Wilaya: mzee wako ana kesi

Mkuu, umeuliza kama mzee wako ana kesi ya kufungua baada ya DC (mkuu wa wilaya) kumweka ndani siku mbili kwa sababu alihoji mkutanoni michango ya darasa imekwenda wapi. Anayo. Wanaokujibu "DC ana saa 48 zake" wameishia nusu ya sheria.

Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, kifungu cha 15, inampa DC uwezo wa kuamuru mtu akamatwe, na akae ndani si zaidi ya saa 48 bila kufikishwa mahakamani. Lakini lazima pawe na kosa la jinai, au amani iwe hatarini na pasiwe na njia nyingine ya kuilinda. Kisha anatakiwa aandike sababu zake zifike kwa hakimu. Kuuliza hesabu si kosa. Na sheria hiyohiyo inasema akitumia vibaya uwezo huo anaweza kushtakiwa kwa kifungu cha 96 cha Kanuni ya Adhabu, matumizi mabaya ya madaraka. Hiyo ni jinai, wala haimalizwi kwa uhamisho.

Kaka yangu yalimkuta kwenye malipo ya korosho. Alihoji makato yasiyolingana na stakabadhi, DC wa wakati huo akawaambia polisi wamwondoe. Kituoni tuliuliza kosa, tukajibiwa "amri kutoka juu". Vijana walitaka kufanya fujo. Mama mkubwa akawatuliza, akagoma kuondoka mpaka asomewe kilichoandikwa kwenye kitabu cha mahabusu. Mahali pa kosa palikuwa na maneno "amri ya DC", basi. Wakili akaandika mahakamani kuuliza kama maelezo ya DC yamepokelewa, jibu likaja kwa maandishi kwamba hakuna. Karatasi hiyo ilitusaidia kuliko mashahidi wote wa mkutano ule, maana walianza kuingia woga mmoja baada ya mwingine. Kaka alitoka bila shtaka. DC alihamishiwa kwingine, na mpaka leo linaniuma.

Kesi ya kifungu cha 96 inahitaji kibali cha DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, na hapo ndipo wengi tunakwama. Mawaziri wa zamani Basil Mramba na Daniel Yona walitiwa hatiani katika mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, mwaka 2015 kwa matumizi mabaya ya madaraka, kwenye kesi ya msamaha wa kodi uliopewa kampuni ya kukagua dhahabu ya Alex Stewart, hasara ya shilingi bilioni 11.7. Pale palikuwa na fedha za kuhesabu. Mkulima aliyelazwa kwenye sakafu ya mahabusu hana hasara ya mabilioni ya kuonyesha, ila Ibara ya 15 ya Katiba inalinda uhuru wake sawasawa na wa waziri.

Kwa hiyo peleka malalamiko kwa DPP na kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, lakini usikae kuwasubiri. Madai ya fidia yana njia yake: notisi ya siku 90 kwa serikali, nakala kwa Mwanasheria Mkuu, halafu Mahakama Kuu. Kesho asubuhi nenda kituoni na mtu wa kushuhudia, uliza kosa lililoandikwa, saa aliyoingia na saa aliyotoka, na jina la aliyempokea. Kama mzee alikosa dawa zake mle ndani, mpeleke hospitali wiki hii hii na utunze kila karatasi utakayopewa.